Kochi, taa na balbu za sebule yangu: uzoefu wangu

Katika vyote nilivyonunua kupanga sebule upya, vilivyoleta tofauti kubwa kuliko vyote ni balbu. Kochi ni zuri na nitalieleza, lakini uzuri wake usiku unategemea balbu.

Nimeweka LED za kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wa manjano tulivu unaokaribia ule wa balbu za zamani za waya. Madukani zimejaa za 6500, nyeupe yenye ubuluu. Hizo kwa kazi za mikono ni sawa, ila sebuleni usiku zinapausha nyuso za watu. Lakini kelvini peke yake haitoshi. Tazama kwenye boksi herufi CRI, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa uhalisia wake, na juu kabisa ni 100. Nyingi za bei ya chini zina 80 hivi. Zangu zinazidi 90. Kochi langu lina kitambaa cha rangi ya matofali. Chini ya balbu ya 80 rangi ile inageuka kahawia iliyochoka, kwa sababu LED za namna hiyo ni dhaifu sana kwenye wekundu. Chini ya hizi mpya naona nyuzi nyekundu na za chungwa zilivyopishana. Kochi ni lile lile!

Wati usizitilie maanani, soma lumeni, yaani kiasi cha mwanga balbu inachotoa. Lumeni 800 ni sawa na balbu ya zamani ya wati 60, na LED inazitoa kwa wati 8 hadi 10 tu.

Taa ya kuning'inia ipo juu ya meza ya kulia, sentimita 80 kutoka mezani. Kati ya 75 na 90 ndiyo nafasi inayofaa: mezani panapata mwanga wa kutosha, na mnaoketi mnaonana bila taa kuwaziba. Kofia yake ya chuma ni ndefu, hivyo balbu haimchomi mtu macho. Nimeifunga kwenye swichi ya kupunguza mwanga, na hapa kuwa makini. Swichi iliyokuwepo ukutani ilitengenezwa kwa balbu za waya, ikazifanya LED zipepese na kutoa mlio mwembamba wa kuudhi. Fundi umeme aliweka ya LED, kelele ikakoma. Na balbu yenyewe lazima iwe ya aina inayokubali kupunguzwa mwanga. Si zote zinakubali.

Taa ya kusimama, yenye kofia ya kitani, nimeiweka pembeni ya kochi. Kitako chake ni kizito, watoto wakiigonga haianguki. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwani mwanga wake unatoka ubavuni, na mikunjo ya mapazia na mistari ya mbao inajitokeza. Taa ya dari peke yake inafanya vitu vyote vionekane bapa.

Sasa kochi. Kabla ya kulipia nililijaribu hivi: inua mguu mmoja wa mbele kama sentimita 15. Mguu wa pili wa mbele ukibaki sakafuni, fremu inajipinda, achana nalo. Hili liliinuka lote pamoja. Fremu ni ya mbao ngumu zilizokaushwa vizuri, na sponji ya kiti ina uzito wa kilo 35 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo haijabonyea. Huduma iliyonifurahisha zaidi ni kuruhusiwa kubeba vipande vya kitambaa nyumbani. Nilivitandika chini ya balbu zangu usiku, na kile nilichokipenda dukani mchana nikakirudisha. Duka lisilokuruhusu hivyo mimi nisingenunua kochi kwao.

Kasoro ipo. Kina cha kiti, kutoka ukingo wa mbele hadi egemeo, ni sentimita 62 na wanatengeneza kipimo hicho kimoja tu. Mama akija, miguu yake haifiki chini hadi nimwekee mto mgongoni. Kwa nyumba yenye wazee, kaeni nalo dukani wote kwanza, mkiwa mmeegemea kabisa. Taa ya kusimama nitaongeza ya pili, ya chumbani.