Kukodisha bahari kwa umeme wa upepo: mnada wa fedha au mnada wa bei?

Kwa wapangaji wa nishati Nairobi, jambo la kwanza ni kuamua serikali inauza nini.

Mnada wa fedha humpa eneo anayelipa zaidi. Februari 2022 Marekani ilikodisha maeneo sita karibu na New York kwa dola bilioni 4.37. Hazina hupata mapema, lakini mshindi bado hana mnunuzi wa umeme wala kibali cha kujenga. Anaruhusiwa kuchunguza eneo na kuwasilisha mpango tu. Riba na bei ya chuma zikipanda, hesabu huvunjika. Kwa mnada wa aina hii Ujerumani ilivuna euro bilioni 12.6 mwaka 2023; Agosti 2025 haikupata zabuni hata moja.

Mnada wa bei ni wa Uingereza: eneo likishakodishwa, hushindanisha bei ya megawati-saa (uniti 1,000 za umeme), na anayetaka bei ya chini hupata mkataba. Soko likishuka chini ya bei ya mkataba, mwenye mitambo hufidiwa; likipanda, hurudisha ziada. Benki hukopesha kwa urahisi zaidi. Hatari iko kwenye kikomo cha juu cha bei kinachowekwa na serikali: mwaka 2023 kiliwekwa pauni 44, kwa thamani ya 2012, na hakuna mradi wa baharini wenye nguzo zilizosimikwa kwenye sakafu ya bahari uliojitokeza. Kilipopandishwa hadi 73, wawekezaji walirudi.

Kwa Kenya tungechagua njia ya pili, ila mkataba useme wazi nani anajenga laini ya kusafirisha umeme na lini. Mitambo 365 ya upepo ya Turkana ilikamilika 2017, ikasubiri laini ya Suswa hadi 2018.