Linux Mint kwenye steshenari yangu Mwanza: mashine safi, ila rangi zilinitoa jasho

Mama aliyeleta oda ya kadi za harusi alitaka damu ya mzee. Si nyekundu, si kahawia. Alitaka damu ya mzee ile ile ya kitambaa walichokwisha kukata kwa ajili ya sare za kamati, na kipande chake akaniachia mezani. Nikachora jioni hiyo hiyo. Siku ya tatu nikamkabidhi kadi 150 zimefungwa kwa raba bendi. Akachomoa moja, akasogea nayo mlangoni kwenye mwanga, akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, hii si zambarau hii?"

Ilikuwa zambarau. Nikaweka kile kipande cha kitambaa pembeni ya kadi na sikuwa na la kujitetea. Kwenye kioo cha kompyuta yangu vitu hivyo viwili vilikuwa vimefanana kama pacha.

Nina steshenari ndogo Makoroboi. Natoa kopi, nachapa barua, nafanya laminesheni, lakini hela yenyewe iko kwenye kadi, vipeperushi na mabango. Mashine yangu ni ThinkPad ya mtumba yenye Intel ya kizazi cha 5 na RAM ya GB 8, nimeiunganisha na moniita kubwa, nayo ya mtumba. Ilipojulikana kwamba Windows 10 itaacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, nilishajua Windows 11 haiitaki mashine yangu, maana inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa mpya zaidi. Kuna fundi alinipa moyo kwamba anaweza kunipigia Windows 11 kwa njia za panya. Nikamwambia asante, mimi hapa ndipo ninapopatia ugali, sitaki mashine ya kuvizia. Mwanzoni mwa 2024 nikaweka Linux Mint 21.3, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, baadaye nikapanda 22, sasa niko 22.1. Matoleo ya Mint hupewa majina ya kike: Virginia, Wilma, Xia. Siku mke wangu aliponisikia kwenye simu nikisema "Wilma alinisumbua kidogo lakini Xia katulia", ilibidi nijieleze hadi chakula kikapoa.

Mazuri yake nitayasema haraka kwa sababu hayana hadithi. Inawaka upesi, haijawahi kunizimia katikati ya kazi, printa yangu iliitambua yenyewe bila CD, Inkscape ya kuchorea na GIMP ya picha zinafanya kazi yote niliyokuwa nafanya kwa programu za kuchakachua, na sijalipa hata senti zaidi ya bando la kuapdeti. Kama unachapa barua na kutoa kopi tu, unaweza kuacha kusoma hapa ukaenda kuiweka. Kama unakula kwa rangi, endelea.

Baada ya aibu ya kadi nilifanya anachofanya kila mtu: nikapiga skrinishoti, nikamtumia jamaa yangu wa Nyegezi anayezielewa hizi Linux, nikaandika "kaka, ona kioo kilivyokuwa cha njano". Akajibu, "Mbona kiko sawa?" Nikaifungua ile picha kwenye simu. Kweli, ilikuwa nyeupe safi. Nikaona ananifanya mjinga, au simu ndiyo mbovu. Tukabishana siku mbili.

Ujanja wote uko hapo, na ningeujua mapema ningeokoa karatasi nyingi. Skrinishoti hunakili picha kama ilivyo ndani ya kompyuta, kabla haijafika mlango wa mwisho wa kutokea kwenda kwenye kioo. Taa ya usiku, ile inayopunguza bluu ili macho yasiumie, inafanya kazi yake pale pale mlangoni. Kwa hiyo unjano hauingii kwenye skrinishoti hata siku moja. Piga picha kioo chenyewe kwa simu, kisha ilinganishe na skrinishoti. Picha ya simu ikiwa na njano na skrinishoti ikiwa safi, usihangaike na faili lako wala na Inkscape. Ugonjwa uko mlangoni au mbele zaidi, kwenye waya na moniita.

Wangu ulikuwa mlangoni, na niliuweka mwenyewe. Enzi za 21.3 nilikuwa natumia Redshift, programu ya taa ya usiku, na niliiamuru ijiwashe kila nikiwasha mashine. Toleo la 22.1 lilipokuja na Cinnamon 6.4 (sehemu ya Mint inayoleta paneli, menyu na madirisha) yenye taa yake ya usiku ndani, nikaiwasha na hiyo, nimesahau kabisa kwamba Redshift bado ipo. Zikawa mbili zinagombea kioo kimoja. Wakati mwingine rangi ilirukaruka, njano, nyeupe, njano tena, nami nikawa nalaumu umeme mdogo.

Kilichonimaliza ni kwamba sikuwa nafanya kazi ile usiku. Kadi zile nilizichora saa kumi na mbili kasoro jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa. Kijana wangu wa dukani ndiye aliyegundua. Tulikuwa tunafunga hesabu, mlango uko wazi na mwanga wa nje ni mkali, akaangalia kioo akasema, "Bosi, hii kompyuta yako inaona usiku kabla yetu." Nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Taa hukisia machweo kwa mji uliochagua kwenye saa, na mashine yangu imewekewa Dar es Salaam, maana kwenye orodha ya miji Tanzania nzima iko chini ya jina hilo moja. Dar iko mashariki yetu kwa nyuzi 6 na ushee, na kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua la kule linatutangulia kuzama kwa dakika kama 25. Ongeza kwamba taa yenyewe haiji kwa mkupuo, inaanza kabla ya machweo na kupaka unjano kidogo kidogo ili jicho lisishtuke. Na jicho halishtuki kweli! Ndiyo hatari yake. Nilikaa mbele ya kioo kinachopoteza bluu taratibu, nikaona damu ya mzee yangu inakuwa kama udongo, nikawa naongeza bluu ili kuirudisha. Kila nilipoongeza, kioo kilikuwa kinaipunguza. Printa haina habari na taa ya usiku, ikatoa bluu yote niliyoijaza. Zambarau.

Dawa ilikuwa fupi kuliko maelezo. Niliifuta Redshift kabisa. Kama unaitaka ibaki, izime kwanza, kisha andika `redshift -x` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), inarudisha rangi hapo hapo. Taa ya Cinnamon nimeiacha, lakini nimeiwekea saa zangu mwenyewe badala ya kufuata jua: inawaka saa tatu usiku, dukani hakuna mtu.

Nikadhani yameisha. Hayakuisha. Njano ilipoondoka ndipo nikaona kwamba moniita ile kubwa haikuwa na weusi. Palipotakiwa kuwa peusi pana kijivu cha majivu, na rangi zote zimepauka kama kanga iliyoanikwa juani wiki nzima. Kioo cha laptop pembeni kilikuwa kizuri. Muuzaji wa moniita alishaniambia "haina warranty kaka, umeiona inawaka", kwa hiyo huko sikurudi.

Tatizo hili si kioo kufa, ni lugha gongana. Rangi za kompyuta zinahesabiwa kuanzia 0, weusi kabisa, hadi 255, weupe kabisa. Mambo ya televisheni hutumia 16 hadi 235. Kupitia HDMI, mashine yangu iliichukulia moniita kuwa televisheni ikawa inatuma 16 kama weusi, na moniita inayosubiri 0 ikiiona 16 inasema hii ni kijivu. Kwa wenye grafiki za Intel, ukiwa kwenye Cinnamon ya kawaida, amri yake ni hii:

`xrandr --output HDMI-1 --set "Broadcast RGB" "Full"`

Jina HDMI-1 linaweza kuwa tofauti kwako. Andika `xrandr` peke yake kwanza ulione. Nilipobonyeza Enter kioo kilizima sekunde moja, moyo ukalipuka, kikarudi na weusi kama wa sufuria ya mkaa. Ila ukizima mashine inasahau. Nimeiweka kwenye programu zinazojiwasha zenyewe, imetulia.

La tatu lilikuwa dogo lakini linachanganya. Picha ile ile, nyeupe ukiifungua kwenye Firefox, ukiifungua kwenye kitazamaji cha picha cha Mint inakuwa rangi ya maziwa. Hapo si taa wala waya, maana vingepaka kioo kizima hadi ile paneli ya chini. Ilikuwa profaili ya rangi, yaani faili linaloiambia programu jinsi moniita inavyoonyesha rangi, mfumo umejitengenezea kutokana na taarifa ambazo moniita inajitangazia yenyewe, na moniita ya mtumba hujisemea chochote. Nikaingia kwenye setingi za rangi, nikaizima ile ya kujitengenezea. Basi.

Sasa themu, yaani mavazi ya madirisha na menyu. Hapa nakiri nilijitakia. Mint inakuja na themu zake nzuri za Mint-Y, za mwanga na za giza, lakini kijana wangu na mimi tukapakua moja ya mtandaoni yenye vioo vioo na kona za duara. Paneli ikatoweka. Menyu ikabaki maandishi meusi juu ya weusi. Mteja amesimama na flashi mkononi, mimi nabonyeza kwa kupapasa. Themu ilitengenezwa kwa Cinnamon ya zamani, hakuna mchawi hapo. Kinachosaidia ni Ctrl, Alt na Esc kwa pamoja, Cinnamon inajizima na kujiwasha bila kufunga kazi zako, halafu unarudi kwenye Mint-Y. Ikigoma kabisa kuna `dconf reset -f /org/cinnamon/`, inayokurudisha kama siku ya kwanza, lakini inafuta na mpangilio wako wote wa paneli, kwa hiyo usiikimbilie.

Lingine ni themu kushika huku na kule kuachwa. Umeweka giza, madirisha yote ni giza, unafungua Synaptic, ile ya kusakinisha programu, inakuja nyeupe ya kizamani kama fomu ya serikali. Sababu ni kwamba programu hiyo huendeshwa kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine), na root haoni themu uliyoihifadhi kwenye folda yako ya nyumbani. Ihamishie `/usr/share/themes`, itavaa. Programu za Flatpak, zinazokuja zimefungashwa peke yake, nazo zinaishi kwenye chumba chao, na zile zilizoundwa kwa libadwaita (vifaa vya kisasa vya kuchora madirisha) hazikubali kuvishwa nguo na mtu. Waliotengeneza Mint 22 walilijua hili, wakarudisha programu kadhaa, kikokotoo kikiwemo, kwenye matoleo ya GTK3, vifaa vya kizamani zaidi, ili zifuate themu. Nawapa heko kwa hilo. Wengine wanaona ni kurudi nyuma, mimi naona ni adabu.

Kwangu Mint inabaki. Kumpa nyota tano siwezi, ile taa ya usiku ingepaswa kukuuliza "unakaa wapi?" kabla ya kukuamulia machweo. Nne.

Kadi 150 nilizirudia kwa hela yangu. Nilimwita mama aje kabla sijabonyeza kitu. Akaja akitokea Mwaloni, mkoba unanukia dagaa, nikampa shikamoo akaitikia huku macho yake yako kwenye kioo. Akachukua kile kipande cha kitambaa mezani, akakibandika juu ya moniita kwa viganja viwili kama anapima homa, akarudi nyuma hatua moja.

"Hapo," akasema. "Lakini toa moja kwanza. Tutaiangalia pale mlangoni."