Gazeti limeganda sikioni mwa tembo wangu

Bado nina hasira. Kabla ya mfungo nilinunua picha ya tembo wakinywa maji katika duka moja la Mji Mkongwe, Bagamoyo. Nikamuuliza muuzaji mara mbili, imekauka? "Mama, hiyo ina mwezi mzima ukutani." Akaing'oa kwenye fremu, akatandika gazeti juu ya rangi, akaviringisha, akafunga kamba.

Nafika nyumbani Tanga, naikunjua, gazeti limeganda. Rangi ya mafuta huwahi kukauka juu, chini ikabaki bichi, na mtu anayeishi kwa kuuza picha hawezi kuniambia halijui hilo. Nilibandua kwa kucha, taratibu, jioni nzima. Yule jike mkubwa, kiongozi wa kundi, akatoka na gazeti sikioni, na kipande cha mkonga wake kikaondoka na karatasi.

Nikampigia. "Picha ikishatoka dukani ni yako, mama. Nyie watu wa Tanga lawama nyingi." Sikumtukana. Nilimwomba tu anikutanishe na mchoraji airekebishe. Akakata simu, na tangu siku hiyo hapokei. Watu wa Tanga tumeingiaje hapo?

Nilitaka kuandika kwamba msinunue picha Bagamoyo kabisa. Lakini si haki, maana aliyechora anawajua tembo. Mtazameni mtoto: ameinama, anakunywa kwa mdomo kwa kuwa mkonga bado hajaumudu, huku wakubwa wakivuta maji kwa mkonga na kujimiminia kinywani. Wengine huwachora kana kwamba mkonga ni mrija wa kunywea. Huyu nadhani aliwaona kwa macho yake, pengine kule Saadani ambako tembo hufika hadi karibu na bahari. Na Bagamoyo ndio mji ambao zamani tembo waliuingia wakiwa pembe tu, mabegani mwa wapagazi. Ndiyo sababu niliwataka hawa, wazima, na watoto wao, majini.

Kwa hiyo picha ni nzuri, nasema wazi. Halafu nainua macho sebuleni, nasoma herufi za gazeti kwenye lile sikio, moyo unachafuka upya. Hapana, duka lile msiende. Hata kama mnaona picha nzuri mlangoni, msiingie.

Pembeni chini kuna sahihi ya herufi mbili, sizisomi vizuri. Anayemjua mchoraji aniambie. Nitapanda basi nimfuate, na pesa yake nitampa mkononi.