Forester yetu na tairi za theluji: uzoefu wangu Nairobi

Subaru Forester yetu ya 2015 tuliinunua Julai 2022, wiki chache baada ya kushuka Mombasa kutoka Japani. Aliyetuuzia alinionyesha meno ya tairi, marefu kweli, akaniambia hizo nitazitumia miaka mitatu kabla ya kufikiria nyingine. Nilifurahi, maana tairi nne za gari la aina hii si pesa kidogo.

Kulikuwa na baridi, na gari halikuwa na neno. Joto lilipoanza kupanda, mwezi wa tisa na wa kumi, likabadilika. Nikikata kona, usukani ulijibu kwa kuchelewa na gari likayumba kama limekalia godoro. Nilipima upepo: sawa na stika ya mlangoni. Fundi wa mtaani akashuku shoki, tukabadilisha za nyuma. Hali ikabaki ile ile.

Desemba tukaenda ushago Makueni, watu watano na mizigo, saa nane mchana, lami inawaka. Karibu na Salama lori lililokuwa mbele likashika breki ghafla. Nilikanyaga pedali mpaka ikatetemeka mguuni, lakini gari liliendelea kuserereka. Lilisimama ikiwa imebaki kama hatua moja. Watoto hawakusema kitu mpaka Emali.

Niliporudi Nairobi nilienda Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri. Jamaa wa tairi aliinama, akapitisha kidole ubavuni, akanisomea: STUDLESS. Kando yake kulikuwa na picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. "Bosi, hizi ni za barafu. Lami ya huku inazila."

Kumbe tairi ya theluji hutengenezwa kwa mpira laini usiokakamaa hata baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, na meno yake yamechanjwa vijistari vyembamba vingi ili yang'ang'anie barafu. Kule Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ndiyo inayookoa maisha. Nairobi, hata Julai tukivaa majaketi, mchana hufika nyuzi 20 na zaidi. Mpira ule hulainika kupita kiasi, meno yanajikunja ukifunga breki, na tairi inaisha upesi. Zangu zilikuwa zimeisha nusu kwa miezi mitano. Tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni inayoonyesha tairi ilitengenezwa lini, zilisoma 3817, yaani wiki ya 38 ya 2017. Miaka mitano tayari, na mimi niliziita mpya kwa kuangalia meno tu.

Nilitaka kubadilisha mbili kwanza, nyingine mwisho wa mwezi. Akanikataza, na alikuwa sahihi: Forester husukuma magurudumu yote manne, kwa hiyo tairi zikitofautiana sana kwa kuisha, mitambo inayogawa nguvu mbele na nyuma inaumia. Zote nne, basi, 225/60R17, shilingi 16,500 kila moja. Nilivutiwa na zile za A/T (za lami na njia mbovu) zenye meno makubwa, ila sisi muda mwingi tuko kwenye lami, na A/T zina kelele na hula mafuta zaidi. Nikachukua H/T, za barabara ya lami. Tukapima balansi na alainimenti siku hiyo hiyo.

Tofauti niliisikia kabla ya kufika nyumbani. Usukani ukawa na uzito wake, gari likitulia kwenye kona. Mvua za Aprili 2024, barabara zilipofurika, nilienda polepole kama kila mtu, lakini breki zilishika. Lawama yangu ni moja: kwenye murram ya ushago ni ngumu kidogo, mawe unayasikia mgongoni. Pancha nimepata moja.

Ukinunua gari la kutoka Japani, inama usome ubavu wa kila tairi kabla ya kulipa. Meno marefu hayatoshi.

Zile za zamani jamaa alitaka kuzinunua, 1,500 kila moja, awauzie wengine. Nilikataa. Nilimlipa azichane ubavuni zote nne, nikasimama pale mpaka akamaliza.