Baiskeli ya mbio ya bei kubwa: unalipia nini hasa?

Chukua baiskeli tatu. Ya kwanza ni ya alumini yenye gia za Shimano Claris, za daraja la chini. Ya pili, alumini nzuri au kaboni, imefungwa 105, gia za Shimano za daraja la kati. Ya tatu ni kaboni nyepesi yenye Ultegra ya umeme, gia za Shimano za daraja la juu, na rimu za kina kirefu za kukata upepo. Kutoka moja hadi nyingine bei huruka. Mwendo husogea kidogo tu, na si mahali ambapo wengi hudhani.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio husifiwa kwanza dukani. Mwendeshaji wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 10 anapandisha kilo 80 mlimani. Akihamia ya kilo 8.5 amepunguza chini ya asilimia 2 ya mzigo wote, sawa na kuacha nyumbani chupa mbili za maji za mililita 750. Kwenye mlima wa saa nzima, kwa nguvu zilezile za miguu, atawahi kwa dakika moja hivi. Tambarare, kilo hiyo na nusu haionekani kabisa. Ukifika kilomita 30 kwa saa unapigana na upepo, na sehemu kubwa ya upepo huo inagonga kifua na mabega yako, si fremu. Kukunja viwiko ili uiname hakugharimu chochote.

Kabla ya kuiuza baiskeli yako ya zamani, itazame tairi. Hapa ndipo watengenezaji hubana matumizi, hata kwenye baiskeli za kati: tairi nzito, mpira mgumu, waya pembeni. Ukifunga tairi nzuri kama Continental Grand Prix 5000 ya milimita 28 na tyubu nyepesi, unaweza kuokoa wati 10 hadi 20 kwa tairi zote mbili, kutegemea ubovu wa zile ulizotoa. Hakuna fremu itakayokupa hivyo kwa pesa hiyo. Pima nafasi kwanza: pabaki angalau milimita 4 kila upande kati ya tairi na fremu. Halafu usijaze upepo hadi namba iliyoandikwa ubavuni, hicho ni kikomo cha juu. Kwa mtu wa kilo 70 kwenye tairi ya 28, psi (kipimo cha presha) 70 hivi zinatosha. Ukijaza 110, tairi hurukaruka kwenye lami mbovu na nguvu zako zinaishia kutikisa mwili.

Baiskeli ya kati ndiyo yenye faida ya kweli. Claris ina gia 8 nyuma, kwa hiyo mruko kati ya meno na meno ni mkubwa, na mlimani unajikuta ama unakanyaga kwa shida ama miguu inazunguka bure. 105 ya sasa ina 12, na kaseti (rundo la gia za nyuma) ya meno 11 hadi 34 inakupandisha bila kupoteza mdundo. Breki zake ni za diski zinazosukumwa kwa mafuta: vidole viwili vinatosha kwenye mteremko mrefu, hata mvua ikinyesha, na pedi zinajisogeza zenyewe kadiri zinavyolika.

Kuhamishia hayo yote kwenye baiskeli ya zamani ni hesabu mbaya. Utabadilisha vishikio vya gia, deraila zote mbili (vifaa vya kuhamisha cheni), krenki (mikono ya pedali), kaseti, cheni, pengine na gurudumu la nyuma, maana habu (vitovu vya gurudumu) za zamani za gia 8 hadi 10 mara nyingi ni fupi kwa kaseti mpya. Na fremu ya breki zinazobana rimu haina pa kufungia breki za diski. Ukifika hapo, nunua baiskeli nzima.

Daraja la juu ni suala jingine. Ultegra hubadilisha gia 12 zilezile. Tofauti yake na 105 ya umeme ni gramu mia chache na umaridadi. Rimu za kina kirefu husaidia kweli anayekimbia zaidi ya kilomita 35 kwa saa, ila zinauzwa peke yake, na upepo wa ubavuni huzisukuma. Matengenezo ndiyo huuma. Pale mipira ya kupitisha mafuta ya breki inapopitishwa ndani ya beringi za usukani, beringi ya juu ikila kutu kwa jasho, fundi hulazimika kufungua mipira, kuweka mafuta upya na kutoa hewa. Kazi ya dakika 20 inakula nusu siku. Beringi za krenki zilizoshindiliwa badala ya kufungwa kwa hesi hupenda kulia kila unapokanyaga. Kaboni nayo inataka spana ya kupimia nguvu: bolti za shingo ya usukani kwa kawaida hukazwa kwa nyutonimita (Nm) 5, na ukizidisha, ufa unaweza kuanzia ndani usionekane. Ndiyo maana kaboni ya mtumba ni kamari.

Saizi ikikukataa, yote hayo hayana maana. Shingo ya usukani fupi kwa milimita 10 au 20 hurekebisha kosa dogo. Fremu iliyopitiliza haina dawa, na hiyo ni sababu tosha ya kununua nyingine, hata ya daraja lilelile.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize muuzaji upana wa mwisho wa tairi inayoingia, beringi za krenki ni za hesi au za kushindiliwa, na mipira ya breki inapita wapi. Akijibu kwa kukutajia uzito, rudia swali.