KDP ya Amazon kwa mwandishi wa Afrika Mashariki: inafaa, ila piga hesabu kwanza

Ukitaka kuchapisha kitabu mwenyewe bila kutoa fedha mbele, KDP (Kindle Direct Publishing) ya Amazon ndiyo huduma ya kwanza utakayotajiwa, na sifa nyingi inazopewa inazistahili. Hakuna ada ya kujiunga wala ya kupakia mswada. Kitabu cha karatasi huchapwa nakala moja moja kila mteja anaponunua, kwa hiyo hulazimiki kurundika maboksi sebuleni. Udhaifu wake ni mmoja mkubwa: mfumo unakagua faili, haukagui kitabu. Vipimo vikiwa sawa kitapita hata kama sura ya tatu imejirudia na hakuna mhariri aliyewahi kukigusa.

Suala la lugha lijue mapema. Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha zinazokubaliwa na KDP. Riwaya ya Kiswahili usiisajili kuwa ya Kiingereza ukidhani utapenya, maana inaweza kukataliwa au kuondolewa sokoni baadaye, na kazi yote ikapotea. Huduma hii inamfaa anayeandika kwa Kiingereza au Kifaransa, au anayetunga kitabu cha kumfundisha mgeni Kiswahili ambacho maelezo yake ni ya Kiingereza.

Wengi huumia kwenye jalada. Kwa kitabu cha karatasi, KDP haitaki picha ya mbele peke yake. Inataka PDF moja yenye nyuma, mgongo na mbele, na unene wa mgongo hutokana na idadi ya kurasa. Karatasi nyeupe huhesabiwa inchi 0.002252 kwa kila ukurasa, ile ya rangi ya maziwa 0.0025. Chukua kitabu cha inchi 6 kwa 9 chenye kurasa 200 za karatasi nyeupe: mgongo ni inchi 0.4504. Jumlisha 6 za nyuma, 6 za mbele, na 0.125 kila upande ya ziada itakayokatwa, unapata upana wa inchi 12.7004 na urefu wa 9.25. Mhariri akiongeza kurasa 20 baada ya msanii kumaliza, mgongo unanenepa kwa zaidi ya milimita moja, na jina lililokaa katikati linahamia pembeni. Kwa hiyo jalada hukamilishwa mwisho, kurasa zikiwa hazibadiliki tena. Kitabu chenye kurasa chini ya 79 hakiruhusiwi maandishi kwenye mgongo kabisa. Acha pia nafasi ya inchi 2 kwa 1.2 chini kulia kwenye jalada la nyuma, maana ndipo msimbopau unapokaa. Ukiweka wasifu wako hapo utafunikwa.

Na tafadhali, msanii asikutumie jalada kama picha ya WhatsApp. WhatsApp huibana picha, na uchapaji unahitaji nukta 300 kwa inchi. Mwambie aitume kama dokumenti, au kwa barua pepe.

Ndani ya kitabu, kosa la kawaida ni kuandika kwenye A4 hadi mwisho, kisha kubadilisha ukubwa siku ya kupakia. Kurasa zinaongezeka, vichwa vya sura vinaangukia chini ya ukurasa, na yaliyomo yanataja namba zisizo zake. Weka inchi 6 kwa 9 tangu mwanzo wa mpangilio. Pambizo ya ndani, upande wa gundi, iwe angalau inchi 0.375 kwa kitabu cha hadi kurasa 150, na 0.5 kwa kurasa 151 hadi 300. Hicho ni kiwango cha chini tu. Ongeza kidogo, msomaji asilazimike kukivunja mgongo ili asome.

Bei nayo ina mtego. Tangu Juni 2025, kitabu cha karatasi cha chini ya dola 9.99 katika soko la Marekani hupata mrabaha (fungu la mwandishi katika bei) wa asilimia 50, kuanzia 9.99 ni asilimia 60, kisha gharama ya uchapaji inatolewa. Kitabu chetu cha kurasa 200, kwa wino mweusi, kinagharimu takriban dola 3.40 kuchapa. Ukikiuza 8.99 unabaki na kama dola 1.10. Ukikiuza 9.99 unabaki na takriban 2.59. Dola moja tu ya bei, na mapato yako zaidi ya mara mbili.

Kwa kitabu cha kielektroniki watu hukimbilia mrabaha wa asilimia 70 bila kusoma masharti. Humo Amazon hukata dola 0.15 kwa kila megabaiti ya faili. Kitabu cha watoto chenye picha, cha megabaiti 20, kikiuzwa 4.99 hukatwa dola 3 kwanza, na asilimia 70 ya 1.99 inayobaki inakuachia 1.39. Kwa asilimia 35, isiyo na makato hayo, ungepata 1.75.

KDP Select, mpango wa hiari wa kuiachia Amazon pekee nakala ya kielektroniki, ni hatari kwa anayeuza PDF kwa M-Pesa. Ukijiunga, kwa siku 90 nakala ya kielektroniki haitakiwi kuuzwa mahali pengine popote, na mkataba hujirudia wenyewe usipouzima. Nakala za karatasi haziguswi na sharti hilo.

Kodi: Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 ya mrabaha wa mauzo ya Marekani hukatwa kabla haujakufikia. Ingiza hilo kwenye bajeti.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha, agiza nakala ya majaribio. Huja na utepe juu ya jalada kuonyesha kuwa si ya kuuza. Isome yote ukiwa na kalamu mkononi, kwa sababu kitabu kikishatoka, jina lake, jina la mwandishi, ukubwa na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) havibadilishwi. ISBN ya bure ya KDP haitumiki nje ya KDP. Ukitaka namba yako mwenyewe, nchini Tanzania nenda Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya nenda Huduma ya Maktaba ya Kitaifa.

Kwa mauzo ya nyumbani, uzinduzi wa Dar au mashule ya Nakuru, hatuipendekezi. Nakala za mwandishi unazipata kwa gharama ya uchapaji, lakini zinasafirishwa kutoka ng'ambo, na nauli pamoja na ushuru vinaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Kazi hiyo mpe mchapaji wa mjini kwako, mkubaliane kwa maandishi idadi ya nakala, uzito wa karatasi na tarehe ya kukabidhi, na PDF ya mwisho ibaki mikononi mwako.