Mikisa na vibreta za kukodi: nilivyomwaga slabu Nyamasaria

Mara ya kwanza kumwaga zege kwangu, hapa Nyamasaria, Kisumu, tulikoroga kwa sepetu. Kilikuwa kifuniko cha shimo la choo tu. Jua lilipopanda, kila zege lilipomwia fundi zito aliongeza maji, nami nikanyamaza kwa kuwa lilionekana laini. Wiki mbili baadaye nyufa nyembamba kama nywele zilikuwa zimetambaa kifuniko kizima, na ukikwaruza kwa ukucha unatoka na unga. Maji yakizidi, huacha vijitundu yanapokauka, na nguvu ya zege hupotelea humo.

Safari hii ilikuwa slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, nami sikutaka mchezo. (Msingi tulishauchimba hadi tukaupita udongo mweusi wa kwetu, ule unaofura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi.) Nilikodi mikisa (mashine ya kukorogea zege) ya mfuko mmoja wa simiti na vibreta (mashine ya kutetemesha zege), zikafika kabla ya saa moja asubuhi. Tulipima kwa sanduku la mbao: simiti 1, mchanga 2, kokoto 4. Maji hayakufika lita 30 kwa mfuko wa kilo 50, tena tulipunguza kwa sababu mchanga ulikuwa umenyeshewa usiku. Mtungi wa maji niliushika mwenyewe mpaka jioni.

Vibreta ndiyo iliyonishangaza. Ukiizamisha, zege linatetemeka, mapovu yanapanda na kupasuka, kisha zege linajipanga lenyewe kati ya vyuma. Mapovu yakikoma, itoe. Ukiiacha sana, kokoto zinazama na uji unabaki juu.

Kasoro ni moja. Adhuhuri vibreta ilizima, tukangoja nyingine karibu nusu saa huku tumefunika ukingo wa zege kwa magunia mabichi ili usishike kabla hatujaendelea. Wenye mashine waliileta bila kudai nyongeza, lakini mashine ya akiba ingepaswa kuja pamoja na ile ya kwanza.

Baadaye nilitandaza magunia juu ya slabu na kuyamwagilia asubuhi, mchana na jioni kwa siku 14, maana simiti hushikana kwa maji, si kwa jua. Miti iliyoishikilia slabu kwa chini tuliiondoa siku ya 21. Nikaingia chini na tochi, nikapapasa dari lote kwa kiganja: hakuna kokoto iliyo wazi, hakuna chuma kinachochungulia.

Nyota nne kati ya tano. Mwezi ujao namwaga ngazi, na mashine nimeshaziagiza kwao.